Bendi ya Kubuni, Madeni ya Kweli

Septemba 1969, wimbo uliokalia kilele cha chati za Marekani ulikuwa wa bendi isiyo na mtu ndani yake. The Archies walikuwa vijana wa katuni, waliochorwa kwa ajili ya kipindi cha vichekesho cha watoto kilichorushwa na CBS Jumamosi asubuhi. "Sugar, Sugar" ulikaa namba moja wiki nne Marekani na wiki nane Uingereza, na mwaka ulipofungwa jarida la Billboard likauweka juu ya nyimbo zote za mwaka huo. Ni mwaka uleule wa tamasha la Woodstock, ambako umati wa vijana ulikaa kwenye matope ukiamini kwamba muziki ni sauti ya nafsi, haukubali kughushiwa. Aliyeimba "Sugar, Sugar" ni Ron Dante, mwanamuziki wa studio. Msimu huohuo sauti yake ilikuwa pia ndani ya kumi bora kwa jina la bendi nyingine isiyokuwapo, The Cuff Links, na wanunuzi wa santuri waliendelea kununua zote mbili bila wasiwasi.

Tangu siku hizo kuna ugomvi unaofufuka kila bendi iliyobuniwa kwa ajili ya vichekesho vya televisheni inapotoka kwenye kioo na kuingia dukani. Upande mmoja unasema bendi ya namna hiyo ni kifaa cha hadithi, haina tofauti na sofa iliyowekwa kwenye seti ili watu wakalie wakitoleana maneno. Mwandishi ameiunda, mshonaji ameivisha, na ugomvi wake wa ndani umepangwa ili tucheke kwa wakati. Kuirekodia santuri na kuiandalia ziara ni kumuuzia msikilizaji kitu ambacho hakikuwahi kuzomewa kwenye ukumbi mdogo wala kufukuzwa na mwenye baa. Na kila nafasi inayochukua kwenye redio imemtoka mtu aliyeyapitia yote hayo.

Upande wa pili unajibu kwamba sikio halina habari na cheti cha kuzaliwa. Wimbo ukiwa mtamu ni mtamu, uwe umetungwa gerejini na marafiki wanne au ofisini na mtu mwenye tai. Tena, wanaendelea, ni bendi gani isiyobuniwa? Mavazi hubuniwa, majina hubuniwa, hata hadithi za jinsi walivyokutana huchongwa na meneja.

Mimi niko karibu na upande huu wa pili, ila kwa sharti ambalo watetezi wake hulikwepa. Siku bendi ya kubuni inapouza santuri yake ya kwanza, inakuwa bendi kama nyingine. Kuanzia hapo ina madeni ya kweli: haiwezi kujificha nyuma ya kicheko ikiulizwa nani alipiga gitaa, nani alitunga, na hela zinakwenda kwa nani.

Mfano ambao kila mtu huuanzia ni The Monkees, na kwa haki kabisa, maana kwao mambo yote yalitokea mbele ya macho ya watu. Mwaka 1965 watayarishaji wa kipindi, Bob Rafelson na Bert Schneider, walitoa tangazo kwenye magazeti ya watu wa Hollywood wakitafuta vijana wanne wenye vichaa vyao. Walijitokeza mamia. Kipindi kilianza NBC Septemba 1966, kikisimulia maisha ya bendi ya vijana wasio na kitu, wanaodaiwa kodi ya nyumba na wasiofanikiwa hata siku moja. Hapo ndipo utani ulipokuwa: kwenye hadithi hakuna aliyewataka, na nje ya hadithi "Last Train to Clarksville" ilikuwa namba moja kabla mwaka haujaisha. Ikafuata "I'm a Believer", iliyotungwa na Neil Diamond, ikakaa kileleni wiki saba. Kipindi chenyewe kikachukua tuzo ya Emmy ya mwaka 1967 kama kichekesho bora.

Tatizo lilikuwa ala. Kwenye santuri mbili za kwanza karibu kila kilichosikika kilipigwa na wanamuziki wa studio, chini ya usimamizi wa Don Kirshner, mkuu wa muziki wa kampuni ya Screen Gems. Wale wanne waliitwa kuja kuimba, basi. Michael Nesmith, aliyekuwa mtunzi hata kabla ya kuajiriwa, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi mwanzoni mwa 1967 kwamba muziki ule hawakuupiga wao. Magazeti yalivamia jambo hilo kana kwamba yamefichua wizi wa benki.

Upande wa kwanza hapa husema: unaona? Udanganyifu. Lakini tazama miaka ileile. Kwenye "Mr. Tambourine Man" ya The Byrds, kibao cha 1965 kinachohesabiwa kati ya misingi ya roki ya Marekani, mwanachama pekee wa bendi aliyepiga ala ni Roger McGuinn, wengine waliimba tu au walikaa wakisubiri, na ala zao zikapigwa na watu wa studio. The Beach Boys nao walitumia wanamuziki wa namna hiyohiyo kwenye kazi zao zinazosifiwa kuliko zote. Hakuna aliyewaita matapeli. Kosa la The Monkees halikuwa kutumia mikono ya watu wengine. Kosa lao lilikuwa kuonekana kwenye televisheni kila wiki wakiwa wameshika magitaa ambayo kila mtu alijua yameshikwa kwa ajili ya kamera.

Tena hawakuwa watu wa kuokotwa. Nesmith ndiye aliyetunga "Different Drum", wimbo uliomtambulisha mwimbaji Linda Ronstadt akiwa na bendi ya Stone Poneys. Peter Tork alitoka kwenye vilabu vya muziki wa folk vya Greenwich Village. Davy Jones, Mwingereza kutoka Manchester, alikuwa ameshaimba Broadway, na usiku ule wa Februari 1964 The Beatles walipotokea kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha Ed Sullivan, naye alikuwa kwenye orodha ya wasanii wa usiku huo. Ni Micky Dolenz tu, mwigizaji tangu utotoni, aliyekabidhiwa ngoma asizozijua na kuambiwa ajifunze. Akajifunza, akapanda nazo jukwaani mbele ya umati unaopiga kelele, jambo ambalo wapiga ngoma wengi wa kweli wangelikataa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwahesabu kuwa bendi. Wafanyakazi wa kipindi cha vichekesho, wenye mikataba ya waigizaji, waligoma kwa sababu ya muziki. Walidai kupiga wenyewe. Kirshner alipoachia kibao ambacho hakikuwa kimekubaliwa, alifukuzwa kazi. Wakaingia studio, na Mei 1967 ikatoka santuri ya Headquarters, ambayo sehemu kubwa waliipiga kwa mikono yao. Ilifika namba moja ikakaa wiki moja, kisha ikaondolewa na Sgt. Pepper ya The Beatles. Kuna bendi nyingi zenye vyeti safi vya kuzaliwa ambazo hazikuwahi kuthubutu kumfukuza bosi wao.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kirshner hakuwa mjinga. Sikio lake ndilo lililochagua "I'm a Believer", na bila yeye huenda kusingekuwa na bendi ya kuasi. Ila somo alilolichukua kutoka kwenye uasi ule ni la kikatili kidogo. Mradi wake uliofuata ni The Archies. Vijana wa katuni hawagomi, hawaombi kuonyeshwa mkataba, wala hawazungumzi na waandishi wa habari.

The Partridge Family, kipindi cha ABC kuanzia 1970, kilikaa katikati ya njia hizo mbili. Familia nzima ilionekana ikipiga muziki ndani ya basi lililopakwa rangi, lakini kwenye rekodi walisikika waigizaji wawili tu, Shirley Jones na mwanawe wa kambo David Cassidy. Kilichobaki ni kazi ya waimbaji na wapigaji wa studio. "I Think I Love You" ilikuwa namba moja Novemba mwaka huo. Sura ya Cassidy ikabandikwa kwenye kila kitu kinachoweza kuuzwa kwa mtoto wa shule. Alikuwa amesaini mkataba kabla ya kutimiza miaka 21, umri wa utu uzima kisheria wakati ule, na jambo hilo ndilo lililompa meneja wake nafasi ya kurudi mezani na kudai masharti mapya. Bila hiyo bahati ya tarehe ya kuzaliwa, mhusika wake Keith Partridge angekuwa tajiri na yeye mwenyewe angebaki na mshahara.

Kuna njia moja ya kukwepa madeni haya, nayo ni kuwa mbovu kwa makusudi. Mwaka 1983 wachekeshaji wa The Comic Strip kwenye Channel 4 ya Uingereza, wakiwamo Adrian Edmondson na Rik Mayall, walibuni bendi ya muziki mzito iitwayo Bad News, isiyoweza kupiga wala kuelewana. Bendi mbovu haimwibii mtu wimbo wala haimtoi mtu kwenye redio. Lakini hata hao hawakukaa ndani ya kioo. Mwaka 1986 walipandishwa kwenye jukwaa la tamasha la Monsters of Rock pale Donington, mbele ya mashabiki halisi wa muziki mzito, na chupa zikawarukia. Kisha wakarekodi santuri, na msimamizi wake akawa Brian May wa Queen. Sina uhakika kama waliozirusha zile chupa walikuwa wamekasirika au walikuwa wanashiriki mzaha kwa namna yao. Kwa bendi iliyobuniwa ili idharauliwe, mapokezi yale yalikuwa kilele cha mafanikio.

Ila ubovu huchosha. Unaweza kucheka bendi inayopiga vibaya kwa nusu saa, labda saa nzima, kisha sikio linaomba kitu. Ndiyo maana bendi za vichekesho zilizodumu ni zile ambazo nyimbo zake ni nzuri kuliko inavyohitajika. Bret McKenzie na Jemaine Clement wa Flight of the Conchords walilielewa hilo. Kwenye kipindi chao cha HBO, kilichorushwa kati ya 2007 na 2009, wao ni jozi ya wanamuziki kutoka New Zealand wanaohangaika New York wakiwa na shabiki mmoja tu na meneja anayefungua kila mkutano wa watu watatu kwa kuita majina. Nje ya hadithi walikuwa wameshachukua Grammy ya albamu bora ya vichekesho. Vipindi 22 vilipokwisha waliacha, na sababu waliyoitoa ni ya mafundi: kutunga nyimbo mpya kwa kila kipindi ni kazi inayomaliza watu. Kwao suala la madeni halikuzuka kwa kuwa walitunga wenyewe, wakapiga wenyewe, na walikuwapo kama wanamuziki wa jukwaani kabla ya televisheni kuwafikia. Ni bendi ya kubuni kwa jina tu.

Kesi ngumu ni ya The Rutles, na hapa nitakaa, kwa sababu hoja za pande zote mbili zinagongana hadi zinatoa cheche.

Walizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kama kipande kifupi cha Rutland Weekend Television, kipindi cha BBC2 cha mchekeshaji Eric Idle, mwenye nyimbo akiwa Neil Innes. Mwaka 1978 NBC ya Marekani ikarusha filamu nzima ya uongo kuhusu maisha yao, iliyofuata historia ya The Beatles hatua kwa hatua, ikiipotosha kila hatua. Usiku ule watazamaji wa Marekani walikuwa wachache mno. Lakini santuri iliyotoka pamoja nayo iliingia kwenye orodha ya kuwania Grammy ya vichekesho, na sababu iko wazi kwa yeyote atakayeisikiliza: Innes hakuzidhihaki nyimbo za The Beatles, alitunga zile ambazo wangeweza kuzitunga. Alisema baadaye kwamba hakusikiliza santuri zao alipokuwa akitunga, alitegemea kumbukumbu tu. Kumbukumbu ile ilikuwa ya kutisha. "Cheese and Onions" ilikuja kuingizwa kwenye santuri ya magendo ikiuzwa kama wimbo wa John Lennon uliopotea.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Kampuni ya ATV Music, iliyokuwa ikimiliki nyimbo za Lennon na McCartney, ilimfuata Innes kwa madai ya hakimiliki. Mambo yakamalizwa kwa makubaliano: nusu ya mapato ya nyimbo zile za The Rutles ikaenda kwa mwenye mali. Ikumbukwe kwamba hawakuwa The Beatles waliodai. George Harrison aliipenda kazi ile kiasi cha kutokea ndani ya filamu akiigiza mwandishi wa habari. Na Harrison huyohuyo, mwaka 1976, mahakama ya Marekani ilikuwa imemwona amenakili bila kujua wimbo "He's So Fine" ndani ya "My Sweet Lord". Alijua vizuri kuliko yeyote jinsi kumbukumbu inavyoweza kumpeleka mtu kizimbani.

Je, ATV walikuwa na haki? Upande wa kwanza unasema ndiyo, tena bila kusita. The Rutles hawakuishia kwenye utani wa dakika tano. Waliuza santuri, na thamani ya santuri ile yote ilitokana na nyimbo za watu wengine: bila The Beatles hakuna cha kuchekea. Mzaha uliofika mahali pa kununuliwa kama kitu halisi, hata kama ni kwenye soko la magendo, umevuka mpaka wa mzaha.

Upande wa pili unajibu kwamba mtindo hauna mwenyewe. Namna ya kupandisha sauti tatu pamoja, aina fulani ya mpito wa nota, kinanda kinachoingia mahali fulani, hivyo ni vya kila mtu. Na tashtiti isiporuhusiwa kufanana na inachokichokonoa, itachokonoa nini? Hoja hii imepata nguvu ya kisheria tangu wakati huo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la kundi la 2 Live Crew, ilikubali kwamba mzaha wa kibiashara nao unaweza kuhesabiwa kuwa matumizi halali ya kazi ya mtu mwingine. Uingereza ikaingiza msamaha wa dhihaka kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 2014. Innes alisimama kabla ya yote mawili.

Hata hivyo, sioni kwamba sheria hizo mpya zingemwokoa kirahisi. Msamaha huo humlinda mtu anayeichezea kazi fulani ili aseme jambo, na nyimbo za Innes, zikitolewa kwenye filamu na kuwekwa kwenye redio ya gari, hazisemi jambo lolote kuhusu The Beatles. Ni nyimbo nzuri tu, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Zingekuwa mbaya zingekuwa salama. Kwangu mimi, kutoa kitu kwa wenye nyimbo kulikuwa sawa. Kutoa nusu kulikuwa kunyang'anywa. Mashairi yalikuwa yake yote, na tuni, hata pale zilipoegemea, hazikuwa nakala.

Ulimwengu ulimrudishia kwa njia ya ajabu. Mwaka 1994 Oasis walitoa "Whatever", na mwanzo wake ukaonekana kuwa na undugu na "How Sweet to Be an Idiot", wimbo wa Innes mwenyewe wa 1973. Jina lake likaongezwa kwenye orodha ya watunzi. Mtu aliyelipia kuwaiga The Beatles akalipwa na bendi iliyotajirika kwa kuwaiga The Beatles.

Kabla sijamwacha, kuna jambo jingine dogo kwenye santuri ile ambalo huwa silisikii likitajwa. Eric Idle, uso mkuu wa The Rutles, mwigizaji wa Dirk McQuickly, hakuimba humo. Sehemu zake ziliimbwa na Ollie Halsall, mpiga gitaa hodari ambaye kwenye filamu yenyewe haonekani isipokuwa kwa kupita tu. Tashtiti iliyowacheka wafanyabiashara wa muziki ilimficha mwimbaji wake kwa namna ileile ya Kirshner. Tofauti, na si ndogo, ni kwamba jina lake liliandikwa kwenye jalada.

Siku hizi kuandika majina kumekuwa kawaida, na labda ndiyo sababu ugomvi umepoa. We Are Lady Parts, kichekesho cha Nida Manzoor kilichoanza Channel 4 mwaka 2021, kinahusu bendi ya panki ya wanawake Waislamu wa London. Waigizaji walishika ala na kujifunza. Nyimbo zilitungwa na Manzoor pamoja na ndugu zake, na majina ya waliozitunga yakatajwa wazi. Kuna utani ndani yake ambao usingewezekana kama muziki ungekuwa hafifu: "Bashir with the Good Beard", wimbo wa kumtamani kijana kwa sababu ya ndevu zake, unafurahisha kwa sababu ni panki inayokubalika hata ukiondoa ndevu. Na msimu wa pili, wa 2024, unageuza madeni yenyewe kuwa hadithi. Bendi inapata mkataba wa kurekodi, kisha kiongozi wake anagundua kwamba anayelipia studio ndiye anayeamua nini kisisemwe ndani ya wimbo. Waandishi wa The Monkees wasingeweza kuandika hayo. Yalikuwa yanawatokea waigizaji wao baada ya kamera kuzimwa.

Ningetaka kuishia hapo, mahali ambapo upande wangu umetulia. Lakini kuna The Blues Brothers, na wao wananisumbua.

Dan Aykroyd na John Belushi walivaa suti nyeusi, kofia na miwani ya jua, wakaimba kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live mwaka 1978. Kabla mwaka haujaisha walikuwa na santuri iliyorekodiwa jukwaani Los Angeles, na mwanzoni mwa 1979 santuri hiyo ikafika namba moja Marekani. Wachekeshaji wawili weupe wakaongoza chati kwa nyimbo za blues na soul zilizotungwa na kuimbwa na watu weusi, wengi wao wakiwa wamesahauliwa na redio wakati huo. Upande wa kwanza hauhitaji kusema zaidi ya hapo.

Utetezi wao hata hivyo si wa kubahatisha. Waliowapigia ni watu wa asili ya muziki wenyewe. Steve Cropper na Donald "Duck" Dunn walikuwa wapigaji wa studio ya Stax pale Memphis. Matt Murphy alikuwa amepiga gitaa na wakubwa wa blues kwa miongo. "Soul Man", kibao kilichowaingiza kwenye ishirini bora, ni wimbo wa Isaac Hayes na David Porter uliorekodiwa na Sam & Dave mwaka 1967, na gitaa la rekodi ile ya kwanza ni la Cropper huyohuyo. Kwenye toleo la asili Sam Moore anamwita kwa jina apige. Belushi alirudia mwito huo neno kwa neno, kwa mtu yuleyule, miaka 11 baadaye. Na filamu yao ya 1980 iliwaweka mbele ya kamera Aretha Franklin, Ray Charles, James Brown, John Lee Hooker na Cab Calloway, wakati ambapo studio nyingi za Hollywood hazikuwa na haja nao.

Kwa hiyo sharti langu lilitimizwa? Nani alipiga: anajulikana, tena ndiye mwenyewe. Nani alitunga: ameandikwa, na kila "Soul Man" ya Blues Brothers ilipopigwa redioni, Hayes na Porter walikuwa na haki ya malipo yao kama watunzi. Ukiishia kwenye watunzi, hesabu inafunga.

Lakini Sam Moore na Dave Prater hawakuutunga wimbo ule. Waliuimba. Kila alichokifanya Belushi kwenye kinasa sauti kilitoka kwao: mkwaruzo wa koo, mwito na kiitikio, jasho lililoufanya wimbo usikike kama ibada. Kwa sheria ya Marekani redio za kawaida humlipa mtunzi wa wimbo, hazimlipi aliyeuimba, na jambo hilo halijabadilika hadi leo. Toleo la wachekeshaji lilipokuwa likizunguka, waimbaji wa asili hawakudaiwa na mtu wala hawakumdai mtu. Kwenye karatasi hawakuwa na uhusiano wowote na kinachoendelea. Toleo lao wenyewe nalo lilipopigwa, redio haikuwalipa.

Watetezi husema kelele za Blues Brothers ziliwarudishia Sam & Dave majukwaa, na inawezekana kabisa, maana watu walianza kuulizana wimbo ule umetoka wapi. Lakini kuzoa wateja kwa mlango wa nyuma si malipo. Mwendelezo wa filamu ulipotoka mwaka 1998, Prater alikuwa ameshafariki miaka kumi nyuma. Moore alikuwamo, akiigiza mchungaji, ameajiriwa na mzaha ambao ulipanda chati kwa sauti yake.